Mtepe ni wa nani? Jibu lake liko Dadaab

Wasee, leo tunaongea kuhusu chombo cha baharini. Najua mnauliza: mtu wa Dadaab na bahari, wapi na wapi? Huku maji ni ya kisima na ya jerikeni, vumbi linaingia hadi kwenye spika ya simu, na bahari iliyo karibu iko zaidi ya kilomita 200 ukipima kwa mstari ulionyooka. Usafiri tunaoujua sisi ni mkokoteni wa punda na Probox iliyojazwa hadi buti. Lakini nipeni dakika kumi hivi. Nina sababu ya kusema kwamba hii kambi yetu ina haki ya kuongea kuhusu hicho chombo kuliko watu wengi wanaokaa ufukweni.

Kilichonifanya niandike ni vita vya kwenye kamenti. Kila mtu akiweka picha ya zamani ya mtepe, mambo yanachafuka. Mkenya anasema ni wa Lamu, mambo kwisha. Mtanzania anajibu kwamba ule mkubwa uko Zanzibar, nendeni mkaone. Msomali anaingia na Kismayu. Halafu kuna yule wa Oman anayekuja kuwaambia wote walifundishwa na babu yake. Kamenti 300, bendera kila mahali, na hakuna hata mmoja aliyeuliza chombo chenyewe kilitengenezwa vipi. Na jibu la umiliki limo humo humo kwenye utengenezaji.

Chombo kisicho na msumari

Mtepe ulikuwa chombo cha matanga cha safari ndefu, na mafundi wake wakuu walikuwa Wabajuni na majirani zao wa visiwa vya Lamu. Mikubwa ilifika mita 20 hivi. Ajabu yake ni kwamba haukuwa na msumari hata mmoja. Fundi alitoboa matundu kwenye kingo za kila ubao, akapitisha kamba ya usumba, yaani ile inayosokotwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi, akazivuta mbao hadi zikabana, kisha akaziba matundu kwa vijiti. Mataruma, zile mbavu za ndani, nayo yalifungwa kwa kamba. Kwa kifupi chombo kizima kilishonwa, kama kanzu.

Ulikuwa na mlingoti mmoja na tanga la mraba. Hilo tanga halikuwa kitambaa, lilikuwa mkeka uliosukwa. Pale mbele, kwenye omo, walichora macho. Na ncha ya omo ilichomoza kama shingo na kichwa cha ngamia. Wazee wa pwani walisema ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume. Ngamia, wasee! Kwa hiyo msiniambie tena kwamba huku kwetu hakuhusiki.

Kushona kulikuwa na faida yake. Chombo cha misumari kikigonga mwamba hupasuka. Cha kamba hupinda kidogo, kikapumua, kikaendelea. Unaweza kukiegesha mchangani maji yakitoka, upakue mzigo, usubiri maji yarudi. Mimi nikisikia jina mtepe nasikia "tepetepe" ndani yake. Wanaisimu wabishane huko.

Na huu si ufundi wa jana. Kuna kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kiitwacho Periplus, ambacho kilikuwa kama mwongozo wa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Kinataja mji wa biashara kwenye pwani yetu hii, Rhapta, na kusema jina hilo limetokana na mashua za kushonwa. Miaka 1400 baadaye, mwaka 1498, Wareno wa Vasco da Gama walifika Kisiwa cha Msumbiji wakaandika kwamba wameona vyombo visivyo na misumari, vimefungwa kwa kamba, na matanga ya mikeka. Siapi kwamba vile vilikuwa mitepe hasa. Lakini ufundi ni ule ule.

Kumiliki ni kushona

Sasa tuingie kwenye umiliki wenyewe.

Kwenye mazungumzo ya bandarini, chombo kilikuwa na mwenyewe. Mara nyingi alikuwa mfanyabiashara wa Lamu, Pate au Faza, mtu mwenye pesa ya mbao na chakula. Nahodha angeweza kuwa yeye au mtu mwingine. Pesa za safari hazikuwa mshahara wa mwezi. Chombo kikirudi, gharama zilitolewa, kilichobaki kikagawanywa mafungu: fungu la chombo, ambalo ni la mwenyewe, na mafungu ya nahodha na mabaharia. Safari ikiharibika, wote wanaumia. Hapo hakuna anayejificha nyuma ya mkataba.

Lakini kamba huoza. Chumvi na jua havina huruma. Mtepe ulihitaji kukaguliwa na kushonwa upya kila mara, la sivyo ungeachana mbao kwa mbao. Na hata ukiwa mzima ulivuja. Mabaharia walifua maji usiku na mchana. Kufua maji ni kuyateka ndani ya chombo na kuyamwaga nje, msije mkadhani walikuwa wanafua nguo. Mahali maji yanapojikusanya chini kabisa ndipo ngamani. Ile methali mliyokariri mkijiandaa na mtihani, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, ilitoka kwa watu waliojua kwamba hata uzunguke chombo mbele na nyuma, kazi ya kufua maji inakungoja.

Kwa hiyo mwenye mtepe hakuweza kuununua leo, akalala, akaamka baada ya miaka kumi akiwa bado na mtepe. Angeamka na rundo la mbao. Bila mikono ya watu wanaoshona, kununua hakusaidii kitu. Hilo ndilo jambo ninalotaka mlishike, kwa sababu kila ninachosema kutoka hapa kinaning'inia kwenye hiyo kamba.

Waliobebwa

Kabla sijaendelea, nimalize na hadithi tamu. Kuna watu wanaopenda kuchora pwani ya zamani kama tangazo la hoteli: machweo, tanga jeupe, kahawa ya tangawizi. Vyombo vya pwani vilibeba boriti za mikoko, nafaka, ngozi na pembe za ndovu. Vilibeba pia watu waliouzwa. Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, na hata baada ya hapo magendo yaliendelea.

Hapo Dadaab inaingia tena. Karne ya 19, watu wengi walichukuliwa kutoka pwani ambayo leo ni Tanzania, Wazigua wakiwemo, wakapelekwa kwa vyombo vya matanga hadi bandari za Benadir kama Barawa, Marka na Mogadishu. Wakalimishwa mashamba ya Mto Shabelle. Waliotoroka walijijengea vijiji kwenye misitu ya Mto Juba. Vitukuu vyao ndio hawa mnaowaita Wasomali Bantu, na wapo ambao hadi leo wanaongea Kizigua nyumbani. Somalia ilipovunjika, maelfu yao walikuja Dadaab. Kuanzia 2002, watu karibu 12,000 walihamishwa kwa mabasi hadi Kakuma ili wahojiwe kwa safari ya Marekani. Wengine walikuwa wameshaelekea Tanzania, wakapewa makao Chogo, wilaya ya Handeni, eneo lile lile walikotolewa mababu zao.

Wazieni hiyo picha. Kwenye kambi moja, Ifo, Hagadera au Dagahaley, kulikuwa na wajukuu wa mabaharia na wajukuu wa waliobebwa na mabaharia, wamepanga jerikeni kwenye bomba moja. Hakuna makumbusho duniani iliyowahi kuwakusanya hivyo. Sisi tulikusanywa na vita.

Kwa hiyo mtu akisema "huu ni urithi wetu," nauliza: wetu akina nani? Yule aliyebebwa bila kuulizwa naye ana sehemu yake kwenye historia ya vyombo hivi. Sehemu yake inauma, lakini ni yake, na hakuna haki ya kuifuta ili video yetu ionekane poa.

Mpaka uliopita katikati

Mtepe ulikufa taratibu. Misumari ya chuma ilipatikana kwa urahisi zaidi. Jahazi la tanga la pembetatu liliweza kukata upepo vizuri kuliko lile tanga la mkeka. Kufikia miaka ya 1930, mitepe ya mwisho ilikuwa inaisha. Leo mnaona mifano midogo kwenye makumbusho ya Lamu na Fort Jesus, Mombasa.

Wakati ufundi unakufa, pwani yenyewe ilikuwa inagawanywa. Mwaka 1905, Italia ilinunua bandari za Benadir kutoka kwa Sultani wa Zanzibar kwa pauni 144,000. Walionunuliwa pamoja na bandari hawakuulizwa. Kismayu na Jubaland zilikuwa upande wa Waingereza, ndani ya Kenya. Mwaka 1925 Uingereza ikaipa Italia Jubaland kama shukrani ya kupigana upande wake kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Mpaka ukasogezwa hadi karibu na Kiunga.

Angalieni Wabajuni wanakaa wapi. Visiwa vyao ni mnyororo mmoja kutoka Kismayu hadi Lamu: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, halafu Kiwayu, Ndau, na Pate yenye miji ya Faza na Kizingitini. Mstari wa mwaka 1925 ulipita katikati ya mnyororo. Ndugu mmoja akawa raia wa koloni la Waingereza, mwingine wa Waitaliano. Baada ya uhuru, mmoja Mkenya, mwingine Msomali. Hawakuhama hata hatua moja.

Mambo hayakuishia kwenye karatasi. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwafukuza Wabajuni wengi upande wa Kenya kutoka vijiji vyao vya bara vya karibu na Kiunga, na baadhi ya vijiji havikurudi tena. Halafu ikaja 1991. Siad Barre akaanguka, na wale wa upande wa Somalia wakafanya kile mababu zao walichojua kufanya: wakapanda vyombo, wakaelekea kusini. Wabajuni, watu wa Barawa, watu wa Kismayu. Vyombo vilijaa kupita kiasi, vingine vikazama njiani. Waliofika waliwekwa kwenye kambi za pwani, Utange na nyingine, karibu na Mombasa, mahali ambapo lugha yao ilieleweka na samaki wao waliwatambua kwa sura. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 kambi hizo zilikuwa zimefungwa. Wengine walirudishwa Somalia. Wengine waliletwa huku, au wakapelekwa Kakuma.

Bibi yangu mzaa mama ni mmoja wao. Mtu wa Chula, aliyezaliwa akisikia mawimbi, akaishia kuhesabu malori ya chakula. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona mtepe. Ulikwisha kabla hajazaliwa. Lakini babu yake alimfundisha kusokota kamba ya usumba, na mikono yake haikusahau. Huku hakuna minazi. Kwa hiyo anafumua magunia ya msaada, anachukua zile nyuzi nyeupe za plastiki, anazisokota pajani hadi zinakuwa kamba ya kufungia ua na mbuzi. Majirani wa kabila lolote wanakuja kwake wakitaka kamba isiyokatika. Kila sehemu ya kazi hiyo ina jina lake kwa Kibajuni, na mengi ya majina hayo sijawahi kuyakuta kwenye kamusi yoyote niliyofungua.

Ukiulizwa wewe ni nani

Mnaweza kusema sawa, historia nzuri, lakini inamsaidia nini mtu ambaye anasubiri kitambulisho? Inamsaidia sana, na hapo ndipo panaponiuma.

Huko Uingereza, Wabajuni walioomba hifadhi walihojiwa kuhusu visiwa vyao: vinapangana vipi, watu wanavua nini, wanasafiri kwa chombo gani. Sauti zao zilirekodiwa, zikapelekwa kwa wapimaji wa lugha waseme kama huyu ni Mbajuni wa Somalia au Mkenya anayejifanya. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilibidi iamue jinsi ripoti kama hizo zinavyopaswa kutumika kwenye kesi za Wasomali, na kwamba zisimezwe tu bila kuchunguzwa.

Sasa jiweke hapo. Umezaliwa Dadaab. Kiswahili chako kimechanganyika na Kisomali cha jirani na Sheng' ya mwalimu kutoka Garissa. Bahari umeiona YouTube. Ofisa anakuuliza jina la sehemu ya mbele ya chombo. Ukisema "omo", pengine utaaminika. Ukisema "pale mbele", unaonekana muongo. Neno moja la baharia limegeuka kuwa hati ya kuzaliwa. Na hilo neno liko kwa mzee fulani hapa kambini ambaye hakuna aliyemuuliza.

Ndiyo maana ninakasirika nikiona umiliki wa mtepe ukijadiliwa kwa bendera. Wanaozozana wana pasipoti mfukoni. Wale ambao jina la mbao na kamba linaweza kuamua maisha yao hawamo hata kwenye kamenti.

Shungwaya

Mwaka 2003 Zanzibar walijenga upya mtepe wa ukubwa kamili, wa kushonwa kweli, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, lile jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Waliupa jina Shungwaya. Mnajua Shungwaya ni wapi? Ni ile nchi ya asili inayotajwa kwenye masimulizi ya Wamijikenda na watu wengine wa pwani, na wengi huiweka kaskazini, maeneo ya Burgabo, kusini mwa Somalia ya leo. Yaani chombo kilichokaa Tanzania, cha ufundi wa visiwa vya Kenya, kilibeba jina la mahali palipo Somalia. Walioupa jina walielewa jambo ambalo watu wa kamenti hawajalielewa.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikikarabatiwa, na watu wawili wakapoteza maisha. Nilipoona zile picha niliwaza: hata jumba la sultani, jiwe juu ya jiwe, linahitaji mtu wa kulishika kila siku. Ukipitisha muda, linaanguka. Jiwe na kamba vina tabia moja.

Na ukienda Lamu au Mombasa leo, utakuta majahazi makuukuu yamekarabatiwa na kuwekwa vitanda na vyakula vya baharini, watalii wanapelekwa kutazama jua likizama. Sina shida na hilo. Mafundi wanalipwa, mbao zinapona, kijana anajifunza kukalafati. Shida yangu ni pale mwenye hoteli anapoandika kwamba chombo ni "cha kihistoria" halafu historia yenyewe haina jina la fundi hata mmoja. Hati ya kununua ni yake, sibishi. Lakini chombo kikianza kuvuja, hatakiziba kwa hati.

Msimamo wangu

Mtepe ni wa walioushona, waliofua maji ndani yake, na waliobebwa nao na kwa vyombo ndugu zake, kwa hiari au kwa lazima. Nchi hazikuwepo. Kenya, Somalia na Tanzania zimekuja baadaye na zinaweza kutunza, kuonyesha, kufundisha, na tutashukuru. Lakini wakiandaa maonyesho kuhusu vyombo vya pwani na wasije Dadaab, wamefanya kazi nusu. Maana nusu nyingine ya ile pwani ililetwa huku kwa malori na serikali pamoja na mashirika, na bado iko hapa, inazeeka.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja, na hakihitaji ufadhili. Kama nyumbani kwenu kuna mzee wa Chovai, Barawa, Kismayu, au mzee wa Kizigua kutoka Jamaame, washa simu leo jioni. Usimuulize "tuambie historia," atachoka. Muulize vitu vidogo: kamba mlisokotaje, tanga lilifungwa wapi, nani alipewa fungu gani, chombo kilichowaleta kilikuwa na nahodha gani, babu yako alifikaje Juba. Muache ataje majina kwa lugha yake. Weka hiyo sauti mahali pawili, simu hupotea. Mimi nimeshaanza, nina saa kadhaa za sauti, na nyingi ni kelele za mbuzi, lakini maneno yamo.

Mtepe ulikufa siku watu walipoacha kushona, na hakuna adui aliyeuzamisha. Maneno yake yatakufa hivyo hivyo.

Kamenti ziko wazi. Ukija na bendera, njoo pia na kamba.